Gari la Mikate, Usingizi wa Bosi

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Barua zako tatu ziko hapa mezani. Ya kwanza imemwagikiwa uji, ya pili ina alama za meno mawili, ya tatu nimeiweka juu ya kabati ili angalau moja ipone. Usidhani nilikusahau. Mwezi wa kwanza nilishika kalamu nikaandika "Kaka yangu mpendwa", Bosi akaamka. Mwezi wa pili nikaandika "Kaka yangu mpendwa, nisamehe", Bosi akaamka. Leo nimefika mpaka hapa, na naandika kama mtu anayeiba.

Bosi ndiye mpwa wako. Jina lake zuri liko kwenye cheti, lakini hapa nyumbani halina kazi, maana yeye hukaa katikati akapiga kelele, sisi tukakimbia. Ana miezi saba. Kichwa ni cha marehemu baba, masikio ni yako, nimeshamwambia pole. Tatizo lake ni moja tu: mchana hafumbi jicho ndani ya nyumba, na usiku hulala kwa vipande vipande. Mama mkwe kasema atazoea. Nesi wa kliniki kasema atazoea. Aliyezoea ni mimi. Mwezi wa kumi na mbili nilishona shati la mteja, nikaweka mkono mahali pa shingo. Mwenyewe alilivaa, akazunguka ndani yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mama, kichwa nitolee wapi?"

Katika barua tatu umeulizia gari mara tisa na mimi mara moja. Sawa. Gari lipo uani chini ya turubai lake. Kila Ijumaa naliwasha dakika tano kama ulivyoagiza. Sijaligusa. Yaani, sijaligusa kwa ubaya.

Naomba lori la mahitaji la huko kwenye ujenzi wa bwawa likishuka huku unitumie: pete za pazia kumi na mbili, lastiki pana mita tatu, na kulabu mbili za chuma zinazoweza kubeba kilo tisa bila kulegea. Ni za matumizi ya nyumbani tu.

Shemeji yako anakusalimu. Alisema "Msalimie," na kwake hiyo ni hotuba.

Mdogo wako,
Mama Bosi


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako nikafurahi kama fundi aliyepata spea aliyoitafuta mwaka mzima. Mpe mpwa wangu pole ya masikio. Mwambie yanasaidia: mimi husikia beringi mbovu ikiwa bado nje ya geti.

Unalalamika kwamba naulizia gari kuliko wewe. Wewe una mume. Gari lina nani?

Sasa kaa chini. Jumba la Magari ya Kale limenijibu. Wamechoka kuweka magari ya matajiri, wanataka gari moja la kazi, lililofanya kazi kweli. Watalichagua kwenye maonyesho ya Juni pale uwanjani kwenu. Huwa kuna makundi matatu. Kundi la Kwanza ni magari ambayo hayajabadilishwa kitu tangu yatoke kiwandani. Kundi la Pili ni yale yaliyorembwa, yaliyopandishwa na kushushwa. Kundi la Tatu ni magari ya kulala, ya watu wanaokwenda kuchemshia chai porini halafu wanarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Hayo mawili hayatuhusu. Gari la mikate la baba nimeliandikisha Kundi la Kwanza.

Likichaguliwa, litakaa ndani ya lile jumba siku zote, halinyeshewi, halipigwi jua, na chini yake kutakuwa na kibao cha shaba chenye jina la baba. Fikiria. Mzee aliamka kabla ya jogoo miaka thelathini, kila nyumba ya mtaa ule imekula mkate wake, na hakuna mahali pengine jina lake limeandikwa ila kaburini, napo mvua inalifuta. Sitaki kitu kingine katika maisha haya, mdogo wangu. Nataka kile kibao.

Kwa hiyo: usiongeze, usipunguze, usipake, usitoboe. Raba za milango ni zile zile. Rafu za mikate ni zile zile. Rangi ya maziwa juu na samawati chini, hata pale ilipochubuka, paache pachubuke. Kitufe cha honi nilikichukua makusudi nilipoondoka, ninacho mfukoni, ili asitokee mtu akalitembeza mjini akipiga honi kama bwana harusi.

Stoo yetu hapa bwawani ina saruji na nondo, pete za pazia haina. Nimekukatia kumi na mbili kutoka bomba la shaba, nikazipiga msasa mwenyewe. Lastiki nimeipata kwa mpishi. Kulabu nimezipima kwa kilo ishirini.

Ila swali moja. Ni pazia gani lina kilo tisa?

Kaka yako,
Fundi wa Mitambo ya Zege


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Asante kwa mzigo. Pete ni nzuri mpaka jirani ameomba.

Nimelala na swali lako siku tatu, na kwa mtu ambaye halali hilo si jambo dogo. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi sina nguvu hata za kuitembea hiyo fupi. Basi sikiliza, na usisimame mpaka umalize kusoma.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa kwanza. Bosi alikuwa analia tangu asubuhi. Nikakumbuka agizo lako la dakika tano, nikatoka naye mgongoni, nikawasha gari. Injini ikakohoa, ikanguruma, ikakaa kwenye ule mlio wake, gu-gu-gu-GU, gu-gu-gu-GU. Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Nikadhani amepatwa na kitu. Nikamgeuza: kalala, mdomo wazi, mate yanatiririka kwenye kola yangu. Nikazima injini, akafungua macho. Nikawasha, akafumba. Kaka, nilikaa juu ya kizingiti cha lile gari nikalia mimi badala yake.

Tangu siku hiyo kila mchana saa saba tunaingia garini, milango ya nyuma wazi, moshi unaelekea barabarani. Analala muda wa saa mbili kamili. Saa moja nashona, saa moja nalala. Nimejaribu feni. Nimejaribu mashine ya kusagia. Shemeji yako alijaribu kuiga mlio kwa mdomo wake mwenyewe, gu-gu-gu-GU, mtoto akamtazama kwa huruma. Ni injini ile tu. Baba mtoto anasema hajawahi kuona mtoto mchanga anayekunywa petroli.

Kwa hiyo kulabu zako ziko kwenye dari ya gari na zimebeba bembea ya Bosi. Pete zimebeba mapazia, maana jua linampiga usoni. Lastiki inazuia cherehani yangu isiteleze. Na rafu za mikate, kaka, kama ungeona nepi zinavyokaa pale! Sinia moja, nepi sita. Utadhani kiwanda kilimfikiria mtoto kabla ya mkate.

Ukitafuta wa kulaumu, agizo la kuwasha kila Ijumaa lilikuwa la nani?

Naomba unitumie: sponji ya unene wa inchi tatu, urefu wangu, na kipande cha raba cha kuwekea chini ya mguu wa cherehani.

Mdogo wako


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Niliianza barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, bado kidogo.

Umetoboa dari. Dari ya baba! Dari ambayo mimi nilipigwa kofi kwa kuigusa na kalamu! Matundu mawili, na kulabu nilizotengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, nikazipima, nikazifunga kwa karatasi ya nta. Nimempa mwizi ngazi na kumshikia tochi.

Nampenda mpwa wangu. Lakini mtoto atakua. Gari haliwezi kurudi kiwandani.

Basi fanya hivi. Maonyesho ni tarehe 8 Juni. Mimi siruhusiwi kuondoka, tunamwaga zege la ukuta mkubwa na likikauka vibaya bonde zima litanikumbuka. Utalipeleka wewe. Baba alikufundisha gia zake, shemeji anaziogopa. Ondoa bembea, ondoa mapazia, ondoa cherehani, ondoa nepi, hasa nepi. Matundu ya dari ziba kwa nta ya rangi ya maziwa. Nakutumia sponji, si ya kulalia, ni ya kulifutia.

Mkaguzi Mkuu wa pale ni mzee mmoja anayeitwa Lenzi, kwa sababu hutembea na lenzi ya kukuza. Anasoma namba za boliti. Mheshimu, mjibu unachoulizwa tu.

Na jambo la mwisho, la muhimu kuliko yote: usiwashe injini mbele yake. Ukifika getini, zima. Lisukumeni mpaka mahali pake. Usiulize kwa nini.

Kaka yako


Tarehe 6 Mei

Kaka,

Kwa nini?

Na lingine, nitalisema mara moja, halafu nitanyamaza. Lile jumba likilichukua gari, litawekwa ndani, limezimwa, na kamba nyekundu kulizunguka. Mtoto wangu atalala wapi? Wewe unaona kibao, mimi naona saa saba mchana. Zile saa mbili ndizo zinazonifanya niwe mtu. Bila hizo, kaka, nilikuwa naweka chumvi kwenye chai na kumshukuru aliyenipa. Nilikuwa namwogopa mtoto wangu mwenyewe akifungua mdomo. Sikukuandikia hayo kwa sababu mtu haandiki hayo.

Sasa nimeyasema.

Lakini jina la baba ni jina langu pia. Nimekwenda kaburini Jumapili. Umesema kweli, herufi zimebaki nusu. Kwa hiyo nitalipeleka. Nitalivua kila kitu nilichoongeza. Wakilichagua, walichukue, na mimi nitatafuta namna, wanawake wangapi wamelea bila gari la mikate. Sitakuja kukudai usingizi wangu. Ila usiniambie tena mtoto atakua. Najua atakua. Ni leo ndiyo sijui nitaimalizaje.

Fomu inasema gari la Kundi la Kwanza liwe na honi kamili. Naomba unitumie kitufe.

Mdogo wako


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Kitufe kimo ndani ya bahasha hii, nimekishonea kwenye kitambaa.

Maneno yako nimeyasoma. Niliyasoma tena chini ya taa ya karakana, kisha nikayakunja nikarudi kwenye zege.

Usiwashe injini.

Kaka yako


Tarehe 8 Juni, asubuhi

Kaka, naandika haraka juu ya boneti.

Bahasha imefika, kitambaa kimefika, kitufe hakimo. Umeshona kitambaa kitupu. Kwa hiyo si mimi peke yangu katika ukoo huu ninayeshona nikisinzia.

Gari liko tupu. Nimelifuta mpaka nikajiona. Bosi ananitazama kutoka kwa baba yake kana kwamba nimemuuzia nyumba. Shemeji yako amebeba gunia, nimemuuliza lina nini, akasema, "Vitu." Tunaondoka.


Tarehe 11 Juni

Kwa Mmiliki wa Gari Namba 31,

YAH: KUHAMISHWA KWA GARI LAKO KUTOKA KUNDI LA KWANZA

Nakuandikia nikiwa Mkaguzi Mkuu wa Maonyesho. Nimekagua magari kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuandika barua ya namna hii, hivyo utanivumilia.

Saa nane kasorobo mchana nilifika kwenye gari namba 31. Kinyume cha kanuni ya tisa, injini ilikuwa inawaka. Nilimkuta nje mwanamume mmoja amekaa juu ya gunia tupu. Nilimwuliza nani mwenye gari. Aliweka kidole mdomoni. Nilimwambia mimi ni Mkaguzi Mkuu. Alikiacha kidole pale pale.

Nilichungulia ndani kwa nyuma. Naorodhesha vitu nilivyovikuta ambavyo havikutoka kiwandani: mapazia mawili ya maua yenye pete za shaba za kazi safi sana, bembea moja, cherehani moja iliyofungwa kwa lastiki, nepi kumi na nane kwenye rafu za mikate, zimepangwa kwa sita sita, mwanamke mmoja, amelala sakafuni juu ya sponji, kiatu kimoja mguuni, mtoto mmoja, wa mwaka jana, amelala.

Niliingiza mkono dirishani ili nizime injini kwa mujibu wa kanuni. Mkono wangu ulipogusa ufunguo, mtoto alifungua jicho moja. Niliuondoa mkono.

Nikiwa nimesimama hapo nilisikiliza mlio. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kampuni ya kusambaza maziwa. Bwana, injini hiyo si ya gari la mikate. Ni ya gari la maziwa, silinda ya nne huchelewa kidogo, mtu aliyeisikia asubuhi zake zote hawezi kuisahau. Nilifungua boneti taratibu, nikasoma namba kwa lenzi yangu. Ni kama nilivyosema. Nikafunga boneti taratibu zaidi.

Gari lenye injini isiyo yake haliwezi kubaki Kundi la Kwanza, na wajumbe wa Jumba la Magari ya Kale nimewaarifu hivyo. Walisikitika, kisha walichagua gari la zimamoto.

Hata hivyo kanuni ya kumi na nne inaniruhusu kulihamishia gari kwenye kundi linalolistahili. Nimelihamishia Kundi la Tatu, magari ya kulala. Humo mlikuwa na magari kumi na moja, mengine yana friji, taa za rangi na jiko la kukunja. Niliwauliza wenyewe mmoja mmoja kama wamewahi kulala humo wakapata usingizi. Walianza kunieleza kuhusu taa. Namba 31 ndilo gari pekee ambalo mtu alikuwa amelala kweli, katikati ya watu elfu mbili na bendi ya tarumbeta. Watazamaji walipanga foleni kulipita kwa ncha za vidole. Wakaguzi wenzangu hawakuwa na ubishi.

Kombe la Kundi la Tatu limeachwa kwenye ngazi ya gari, kwa kuwa aliyestahili kulipokea alikuwa bado amelala.

Kwa heshima,
Mkaguzi Mkuu

Nyongeza: Honi ya gari hilo haina kitufe. Niliona, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilishukuru.


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Nimepata barua ya yule mzee. Sasa unajua kwa nini nilikwambia usiwashe injini, na nitakueleza yaliyobaki, maana yamenikaa kifuani miaka kumi na miwili kama mwiba wa samaki.

Unakumbuka ile wiki baba alipokwenda kumwuguza shangazi? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliwachukua rafiki zangu kumi garini tukaenda kwenye mpira. Sikuangalia maji ya rejeta. Tulipofika kilimani injini ikaanza kunuka, wao wakaimba kwa sauti zaidi, mimi nikaona aibu kusimama. Ikafa. Ilichemka mpaka ikashikana. Fundi mmoja wa gereji ya magari ya maziwa alinionea huruma, akanipa injini ya gari lao lililogonga mti. Tuliifunga siku mbili bila kula. Baba akarudi, akaliwasha, akaenda kazini. Nikajua nimepona. Sikupona. Kila nilipomwona anafungua boneti nilijitia kwenda kutafuta spana, na siku alipofariki kitu cha kwanza nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba sitamwambia tena.

Nilikitaka kibao kile kwa sababu hiyo. Nilifikiri jina lake likikaa pale kwenye shaba, tutakuwa tumelipana. Halafu nikakupigia kelele wewe kuhusu matundu mawili ya dari. Mimi niliyetoa moyo mzima nikaweka mwingine! Nyani haoni kundule.

Sasa kibao hakipo. Cheka tu, una haki.

Kitufe cha honi kilikuwa mfukoni. Nilikishika mkononi wakati nashona, nikashona kitambaa, nikakirudisha kitufe mfukoni. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Kaka yako


Tarehe 6 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Mara hii sijachelewa. Ni saa saba na nusu, Bosi yuko juu kwenye bembea, mimi niko chini na karatasi juu ya goti, na injini ya maziwa inafanya kazi yake.

Kwanza nikueleze ya uwanjani, maana yule mzee aliona mwisho tu. Tulilisukuma kama ulivyosema. Mpaka saa sita Bosi alikuwa mwekundu kwa kilio, na kila aliyepita alinipa ushauri. Mwenye gari la jirani, lenye taa za rangi chini ya tumbo, aliniambia, "Dada, huyo mtoto ana njaa." Nikamwambia, "Kaka, huyo mtoto ana mama. Wewe angalia taa zako." Bendi ikaanza tarumbeta. Hapo ndipo shemeji yako aliinuka, akafungua gunia. Mlikuwa na bembea, mapazia, nepi, sponji yako, kila kitu. Cherehani alikuwa ameificha chini ya kiti. Nikamwuliza, "Ulijuaje?" Akasema, "Nilijua." Akapachika kulabu kwenye matundu yale yale, nta yako nzuri ikadondoka kwenye viatu vyangu. Kisha akanipa ufunguo.

Kaka, niliushika ule ufunguo nikamfikiria baba, nikakufikiria wewe na kibao chako. Nilijua nikiuzungusha nimekuvunjia ahadi. Nikamtazama Bosi. Nikauzungusha. Nilitaka nimlaze dakika kumi tu, halafu nivue tena kila kitu kabla mkaguzi hajafika. Nilikaa sakafuni nifunge kiatu. Ndiyo hivyo.

Sasa lako. Ungeandika mapema ningekuambia mapema, kwa hiyo tugawane kosa.

Baba alijua.

Alijua asubuhi ile ile aliyorudi. Nilikuwa naye, nilikuwa napakia masinia. Aliwasha, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa. Akaniambia, "Huyu kanywa maziwa." Nikamwuliza maana yake. Akanifungulia boneti akanionyesha, boliti zinang'aa, na kitambaa chako cha kufutia mikono umekisahau humo humo juu ya betri. Nikadhani atakuua. Alicheka mpaka akakaa. Akasema, "Kazi aliyoifanya humu, fundi wa miaka arobaini angekataa. Usimwambie kama najua. Atakuja mwenyewe akiwa tayari, tusimharakishe." Na wiki ile ile ndipo alipokwenda kukuandikisha chuo cha ufundi, wewe ukidhani ni kwa sababu ya alama zako za hesabu. Alama zako za hesabu, kaka, na tuzisitiri.

Alikusubiri. Hakukusubiri kwa hasira, nakuapia, alikusubiri kama mtu anayesubiri hadithi anayoijua mwisho wake. Wateja wakimwuliza mbona siku hizi gari linanguruma tofauti, aliwaambia, "Mwanangu kalifundisha wimbo." Mimi nilinyamaza kwa sababu aliniagiza, kisha nikanyamaza kwa mazoea. Nisamehe na wewe.

Na fikiria hili. Ungekuwa kijana mtiifu uliyetazama maji ya rejeta, gari lingebaki na injini yake, mwanangu angekuwa halali hadi leo, na mimi ningekuwa bado naweka mikono kwenye shingo za watu. Kosa lako ndilo linalombembeleza mpwa wako. Kwa hiyo acha kujipiga kifua, utakihitaji kubebea vitu, kwa sababu orodha yangu ni hii. Isome kwa makini, usishone ukiwa na mawazo:

Raba mpya ya mlango wa nyuma. Ile ya zamani Bosi ameila, sasa ana meno manne.

Pete za pazia nyingine kumi na mbili. Jirani hakuomba, amelia.

Mkanda wa feni wa gari la maziwa, si wa gari la mikate. Andika wazi dukani, usione haya tena.

Kulabu ya tatu, ya kilo kumi na tano, maana mtoto anakua kama ulivyosema.

Kibao cha shaba, upana wa viganja viwili, chenye matundu manne ya skrubu. Ukikate mwenyewe kutoka lile bomba lako, ukikunjue, ukipige msasa kama ulivyozipiga pete. Andika jina la baba lote, usifupishe. Chini yake: ALIPELEKA MIKATE. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: injini ya mwanawe. Herufi zichimbe chini, zishinde mvua, maana hili gari litakaa nje, litatembea, na mtaa mzima utalisoma. Nitakifunga mwenyewe juu ya mlango. Ndiyo, nitatoboa.

Skrubu zake nne, na mbili za akiba.

Kitufe cha honi baki nacho hapo hapo mfukoni. Bosi amelala.

Mdogo wako